Wiki Nne Zimekwenda Wapi

Tarehe 4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na masikio hayajazidi kuziba. Simu nimeiacha kwa sasa. Juzi nilikwambia nimepata cheo, ukaniuliza kioo cha ukubwa gani, na watu ofisini wote wakageuka kuniangalia ninavyopiga kelele. Tuandikiane tu kama zamani.

Sisi hatujambo. Mama ni mzima ila goti linamsumbua, na unajua tunakaa ghorofa ya tatu. Akifika ghorofa ya pili anasimama kujifanya anasoma matangazo ukutani. Amepanda nyanya kwenye ndoo mbili pale kibarazani na anazisemesha kuliko anavyonisemesha mimi. Nilimwambia nakuandikia. Akasema, "Haya." Sijui kama hiyo ni salamu, lakini ndiyo niliyopewa.

Sasa cheo chenyewe. Nimefanywa kiongozi wa timu. Tuko watano, tunatengeneza programu kwa ajili ya hospitali kubwa. Siku hizi pale daktari anaandika dawa kwenye kadi, kadi inabebwa kwa mkono mpaka dirisha la dawa, dawa zinarudi wodini, na nesi anaweka alama kwenye kadi kwamba mgonjwa amepewa. Kadi zinapotea, zinaloa chai, mwandiko wa madaktari ndio huo unaoujua. Wanataka yote yawe kwenye kompyuta, na kadi ziondoke kabisa.

Wiki iliyopita niliitwa kikaoni. Alikuwepo Mkurugenzi wetu, pamoja na yule mtu wa mauzo ambaye sisi tunamwita Bwana Tayari, kwa sababu mteja akimuuliza chochote anajibu, "Hiyo tayari." Mkurugenzi akaniuliza kazi itachukua muda gani. Nikasema miezi minane: sita na nusu ya kutengeneza, na wiki sita za kuijaribu kabla mgonjwa yeyote hajaguswa nayo.

Akatabasamu, akasema, "Na kama ingekuwa tarehe moja Juni?"

Nikauliza, "Nani amesema tarehe moja Juni?"

Bwana Tayari akaanza kuangalia dirishani kana kwamba kuna harusi inapita. Mkataba ulikuwa umesainiwa tangu Januari, Shangazi. Tarehe ilikuwamo tayari.

Nilipaswa kusema haiwezekani. Lakini ilikuwa wiki yangu ya kwanza kwenye kiti kile, na wote wawili walikuwa wananiangalia kwa wema kabisa. Nikasema, "Tutajaribu." Jioni nikapata kumbukumbu za kikao. Zimeandikwa: "Timu imekubali tarehe 1 Juni."

Nakuandikia wewe kwa sababu mafundi cherehani wote wanasemwa kwa "njoo kesho", na wewe ndiye fundi pekee ninayemjua aliyepigilia kibao mlangoni: HAPA HATUSEMI NJOO KESHO. Huwa unawaambiaje watu tarehe? Na kile kibao kilitokana na nini? Nimekiona tangu nina akili zangu na sijawahi kuuliza.

Mwanao wa kaka


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa cheo, na kioo nacho ukitaka kipo, cha kabati la zamani, hakuna anayejitazama humu zaidi ya mimi.

Mimi nipo. Sikio la kushoto limekata kauli kabisa, la kulia linasikia likitaka. Mtengeneza viatu wa duka la jirani amezoea, akitaka kuniambia kitu anakuja mbele ya cherehani na kunipungia mkono kama anayeaga meli. Mkanda wa cherehani kubwa ulikatika mwezi uliopita, nikabadilisha. Sare za shule nimemaliza zote, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Mwambie mama yako hiyo "haya" imefika.

Unauliza nawaambiaje watu tarehe. Kwanza simjibu mtu akiwa amesimama mlangoni. Mtu aliyesimama anataka jibu fupi, na jibu fupi siku zote ni la uongo. Namwambia akae. Halafu silitazami gauni kama gauni. Nalitazama vipande: kupima, kukata, kuunga mabega, mikono, kola, zipu, bitana, pindo, vifungo, pasi. Kila kimoja nakipa saa zake. Najumlisha mbele yake, aone.

Lakini hata hapo bado ningejidanganya, maana kila mtu akijikadiria anajiona mwepesi. Kwa hiyo nina daftari. Naandika nilidhani kazi itachukua siku ngapi, na baadaye naandika ilichukua ngapi kweli. Kwa mfano, gauni la mikono mirefu: nilidhani siku mbili, likachukua nne. Suti ya bibi harusi wa mwaka juzi: nilidhani wiki, ikachukua kumi na saba. Siku, si wiki. Unaona aibu kuandika, lakini ukishaandika mara thelathini unajijua. Mimi ninajijua: chochote ninachodhani, nakizidisha karibu mara mbili. Na ninyi bila shaka mna kazi mlizofanya zamani. Kaziangalie.

Mteja akisema hapana, nalitaka Ijumaa, namwambia sawa, Ijumaa utapata gauni lisilo na bitana, na kola ya kawaida. Achague. Nguo naipunguza. Kitu kimoja tu sipunguzi: kumvalisha kabla ya pindo la mwisho. Pale ndipo unapogundua kwapa linabana.

Na ile "tutajaribu" uliyoisema, mwanangu, umewapa wao kitambaa wakakishona wanavyotaka. Wewe ulimaanisha labda. Wao walisikia ndiyo.

Kibao ni cha mbao nzuri, seremala alinichongea kabla hujazaliwa. Herufi nilipaka mwenyewe.

Shangazi yako


Tarehe 23 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako nimeisoma hadi mikunjo imechakaa. Mama hajambo, nyanya zimetoa maua. Nilimuuliza habari ya kile kibao chako. Alinyanyuka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Nilifanya ulivyosema. Niliikalisha timu yangu nzima, tukaivunja kazi vipande arobaini na vitatu. Kila mmoja aliandika makadirio yake peke yake kwenye karatasi, asione ya mwenzake: mambo yakienda vizuri siku ngapi, yakienda kawaida ngapi, yakiharibika ngapi. Ilikuwa kichekesho. Kipande kimoja, cha kuunganisha programu yetu na stoo ya dawa, mmoja aliandika siku tatu, mwingine siku ishirini na tano. Tulipoulizana tukakuta yule wa siku tatu hajui kwamba stoo wanatumia programu ya zamani ambayo aliyeitengeneza hajulikani alipo. Nusu saa ile ya kubishana ilinifunza kuliko mwezi mzima.

Halafu nikafukua kazi zetu tatu zilizopita. Zote tulikadiria, na zote zilichukua karibu mara mbili. Kumbe sisi na wewe tuna ugonjwa mmoja. Nikajumlisha, nikapata mwisho wa Septemba. Ile miezi minane niliyoisema kwa kubahatisha haikuwa mbali.

Nikampelekea Mkurugenzi. Si mtu mbaya, nataka ulielewe hilo. Alisoma karatasi zote, hata akaniuliza maswali ya maana. Kisha akazigeuza kifudifudi mezani.

"Nakuamini," akasema. "Lakini hii siwezi kuibeba kuipeleka hospitalini. Tukiupoteza mkataba huu, sijui timu yako itakuwa inafanya nini Desemba. Nipe kitu ninachoweza kukibeba."

Nikamwambia naweza kupunguza programu yenyewe: tuache ripoti, tuache sehemu ya maabara, zije baadaye. Akakubali bila ubishi. Akaniongezea watu wawili. Hapo tukafika mwisho wa Juni. Akasema, "Umeona? Zimebaki wiki nne tu. Hizo hutakosa pa kuzipunguza."

Basi tumekubaliana. Tarehe moja Juni imebaki. Kutengeneza mpaka katikati ya Mei, halafu wiki mbili za kujaribu, halafu hospitali wanaondoa kadi zao. Wale watu wawili wapya wamekuja, ni wazuri, ila kila saa wanauliza kitu na wa kujibu ni mimi, kwa hiyo mimi mwenyewe sasa siandiki hata mstari mmoja kabla ya saa nane mchana.

Naamini tutafika. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Mwanao


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Nilikwenda kliniki ya masikio, daktari kijana sana, akachoka kunipigia kelele akaanza kuniandikia kwenye karatasi. Tumeandikiana kama wachumba. Anasema sikio la kulia nalo litaondoka, hajui lini, na nimempenda kwa kusema hajui.

Barua yako nimeisoma. Nimeitoa na ile ya Februari nikaziweka pamoja mezani. Kwenye ya Februari umeandika wiki sita za kujaribu. Kwenye ya Machi umeandika wiki mbili.

Wiki nne zimekwenda wapi?

Na neno "naamini" sikumbuki kulisikia kwako. Ukiwa na hakika huwa unasema "najua". Ulipokuwa na miaka saba ulisema unaamini paka amevunja jagi.

Nijibu kwa kirefu.

Shangazi yako


Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Sijapata barua kwako tangu ile ya Machi. Sikulaumu. Mtu asipojibu swali huwa jibu analo. Mimi nalijua hilo kwa sababu nimeacha kukujibu swali lako la kibao mara mbili. Acha nilijibu.

Kabla hujazaliwa mama yako alikuwa anasomea unesi. Kaka alikuwa amemuoa mwaka mmoja nyuma. Alikuwa amebakiza mtihani mmoja, ule wa vitendo, wodini, Jumamosi asubuhi. Kanuni yao ilikuwa bila sare kamili huingii. Sare yake ilikuwa imechakaa, akaniletea kitambaa cheupe, wiki mbili mapema. Nikamwambia Jumatatu itakuwa tayari. Nilikuwa nimefungua duka mwaka ule, kila kazi iliyoingia mlangoni nilisema ndiyo, niliogopa wateja wataenda kwa mwingine. Nilikuwa na magauni kumi na tisa juu ya meza.

Jumatatu alikuja. Nikasema kesho. Jumanne nikasema kesho. Na Jumanne hiyo, mwanangu, nilikuwa najua. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba haitakwisha. Akaniambia, "Wifi, mwenzangu ana sare mbili, anataka kuniazima moja. Nichukue?" Nikamwambia asijisumbue, yake inakwisha kesho. Nilisema hivyo kwa sababu angeazima, ingeonekana nimeshindwa.

Ijumaa jioni nilimpa gauni lisilo na mikono, kola nimeibana kwa pini. Alikimbia kwa yule mwenzake, ile sare ilikuwa imeshaazimwa mtu mwingine. Jumamosi alirudishwa mlangoni.

Mtihani uliofuata ulikuwa mwaka mmoja mbele. Alikuwa na mimba yako na hakuweza kusimama. Uliofuata tena, chuo kilikuwa kimebadilisha utaratibu, wakataka aanze upya. Akaingia hospitali kwa mlango wa nyuma, kwenye chumba cha kufulia. Unakumbuka mikono yake ulipokuwa mdogo. Miaka kumi na tisa ya mashuka.

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba watu walipouliza, nilisema kitambaa kilichelewa kunifikia. Nilimwambia hata kaka. Aliamini hivyo mpaka tunamzika. Mama yako alinisikia nikisema, na hakunikanusha, wala hakunitukana. Tangu siku ile ananisalimia vizuri na hazungumzi nami. Kwenye msiba wa baba yako tulikaa chumba kimoja siku tatu, akanipa chai, hakuniambia neno.

Kuchelewa watu wanasamehe, mwanangu. Kama ningesema Jumanne, angeazima sare, angekuwa nesi, na mimi ningekuwa fundi aliyechelewa tu, kama mafundi wengine wote. Ilikuwa bado kuna mlango wazi siku ile na mimi ndiye niliyeufunga, huku nacheka naye.

Sikwambii ufanye nini. Kazi yako siijui. Nakuuliza tu kama kwenu leo ni Jumanne.

Shangazi yako


Tarehe 9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na sita Mei. Niliisoma kwenye ngazi za jengo letu, pale ghorofa ya pili anaposimama mama. Sitaandika lolote juu yake leo. Nitakueleza kilichotokea kazini, maana kinatokana nayo.

Wiki nne nilizikata mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Mkurugenzi aliposema zimebaki wiki nne tu, nilirudi mezani kwangu, nikatafuta kitu ambacho nikikipunguza hakuna atakayelalamika siku hiyo. Kujaribu hakuna mtu anayekulilia. Nilifuta sita nikaandika mbili. Ilinichukua sekunde moja. Kisha niliiambia timu kwamba ndivyo ilivyoamuliwa, kana kwamba aliyeamua alikuwa mtu mwingine.

Tulianza kujaribu tarehe kumi na tano. Tuna mwenzetu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuharibu tulichotengeneza. Ni dada mkimya. Siku ya tatu alikuja mezani kwangu akasema, "Njoo uone." Alikuwa ameweka wagonjwa wawili wa jina moja kwenye wodi moja. Akabonyeza kwamba wa kwanza amepewa dawa. Alama ikatokea kwa wote wawili. Maana yake, Shangazi, yule wa pili angelala bila dawa na skrini ingesema amepewa.

Tulirekebisha siku hiyohiyo. Haikuwa kazi kubwa. Lakini yule dada hakuondoka mezani. Akaniuliza, "Hii imetoka kwa siku tatu. Zile wiki nne zingetoa nini?"

Tarehe ishirini tulikuwa na kikao hospitalini. Alikuwepo Mkurugenzi, Bwana Tayari, na upande wao mfamasia mkuu, mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Hakupoteza muda. Akauliza, "Nataka kujua kitu kimoja. Tarehe moja naondoa kadi zote, wodi zote. Niko salama?"

Bwana Tayari akasema, "Bila wasiwasi kabisa. Iko tayari."

Mfamasia hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Nadhani watu wa kazi yake wanajua nani anapika na nani anapakua.

Nikasema, "Hapana. Si salama."

Nikamweleza habari ya wale wagonjwa wawili. Nikamwambia tulipanga wiki sita za kujaribu na mimi nikazipunguza kuwa mbili ili tarehe itoshe. Nikamwambia tunaweza kuanza na wodi moja mwezi wa Julai, kadi zikiendelea kuandikwa sambamba, na wodi zote kwa pamoja tukadirie Oktoba. Mkurugenzi alikuwa anaangalia kalamu yake.

Nilitegemea mfamasia angenishukuru. Unajua mtu akijikaza akasema ukweli anategemea angalau hilo. Alivua miwani akauliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Machi."

Akasema, "Machi nilikuwa na makarani wanne wa kadi. Mwezi wa nne, kwa sababu ya tarehe yenu, niliwaondoa wawili. Mmoja yuko na sisi miaka kumi na mbili. Ungeniambia Machi, wangekuwa wamekaa pale nje sasa hivi. Sasa nitaziendesha kadi mpaka Oktoba na nani?"

Kwangu haikuwa Jumanne, Shangazi. Ilikuwa Alhamisi jioni.

Hospitali haikuvunja mkataba. Walikubali wodi moja Julai. Karani mmoja walimrudisha. Yule wa miaka kumi na mbili kazini alikuwa ameshahama mji na hakurudi. Mimi nimevuliwa uongozi, Mkurugenzi alifunga mlango wa ofisi yake akaniambia kwa upole kwamba si kwa sababu nilisema, bali kwa sababu nilisemea pale na si ofisini kwake. Nilipotoka nilifikiria hilo njia nzima. Ana haki. Ningeweza kumwambia yeye kwanza, tangu Machi, na sikuthubutu. Bado niko kwenye timu, naandika programu, na kiongozi mpya ananiuliza makadirio. Namwambia akae kwanza.

Nina ombi. Naweza kumsomea mama barua yako?

Mwanao


Tarehe 21 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Miezi minne na nusu hujanijibu. Mtengeneza viatu jirani yako nilimpigia Agosti, akasema uko mzima na unashona, ila sasa hata la kulia limeondoka. Pole sana. Nikajua basi kwamba barua ilifika, na kwamba hujibu kwa sababu ya lile ombi.

Sisi wazima. Mama goti limepata nafuu. Nyanya alivuna kumi na moja, akaziita mavuno.

Kazi imekwisha. Wodi zote zilianza Jumatatu tarehe kumi na mbili. Tulikadiria tarehe tano, tukachelewa wiki moja, lakini mfamasia mkuu aliambiwa siku kumi na nane kabla, kwa maandishi, akapanga watu wake. Siku ya kwanza nilisimama wodini tangu asubuhi. Hakuna kilichoharibika isipokuwa daktari mmoja alisahau nywila yake mara nne. Zile wiki za kujaribu zilitoa makosa sitini na nane. Tisa kati ya hayo yule dada mkimya ameyaandika kwa wino mwekundu.

Sasa nisamehe. Sikungoja ruhusa yako zaidi. Mwezi uliopita mama aliniuliza ghafla, akiwa anakunja nguo, "Shangazi yako mbona haandiki siku hizi?" Nikakaa kitako nikamwambia kwa nini. Nikampa barua yako ya Mei aisome mwenyewe.

Alisoma taratibu, akarudia ukurasa wa pili. Nikategemea atalia au atanyanyuka kwenda kuosha vikombe. Hakufanya lolote. Akaikunja, akasema:

"Amesahau dirisha."

Nikauliza dirisha gani.

"Duka lake lilikuwa na dirisha la barabarani. Jumatano nilipita nikitoka chuoni. Hakuniona, alikuwa ameinama. Kitambaa changu kilikuwa kimekunjwa kwenye rafu, vilevile nilivyokileta. Hakijaguswa na mkasi. Jumatano, mwanangu. Nilijua kama yeye alivyojua. Na yule mwenzangu sare yake ilikuwa bado ipo."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuichukua?"

Akasema, "Nilikuwa nauogopa ule mtihani. Mara mbili mkono ulinitetemeka nikishika sindano mbele ya mkufunzi. Nilipoona kile kitambaa nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa hata nikikosa, haitakuwa kosa langu. Nikaenda nyumbani nikangoja Ijumaa."

Akaendelea, "Baba yako alipouliza, shangazi yako akasema kitambaa kilichelewa. Nikamwacha aseme. Ningesema yeye mwongo, angeniuliza mimi nilijua lini. Miaka yote hii anafikiri sizungumzi naye kwa hasira. Mimi nilikuwa namwonea haya."

Sijaongeza neno wala kupunguza. Nilimuuliza kama nikuandikie hayo. Akasema, "Mwandikie. Masikio yake hayasikii, mimi nitamwambiaje tena?"

Mwanao


Tarehe 3 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimeipata. Nilifunga duka saa nne asubuhi nikakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho sijawahi kukikalia tangu nikinunue. Ni kigumu, sijui watu wanakivumiliaje.

Dirisha lilikuwepo. Nililiziba mwaka uliofuata nikaweka rafu.

Hongera kwa kazi kwisha. Wiki moja si kuchelewa kama mtu ameambiwa. Yule karani wa miaka kumi na mbili kazini, kama unaweza kupata anwani yake, mwandikie. Usimwombe chochote, mwambie tu ulijua lini. Utakaa muda mrefu kabla hujaweza, lakini usikae kama mimi.

Nilianza kuandika hapa chini, "Mwambie mama yako," nikaandika mistari mitatu. Nimeikata kwa mkasi, ndiyo maana karatasi hii ni fupi. Si mambo ya kupitia kwako.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ndogo, ya bluu. Nimeifunga kwa gundi, si kwa mate. Mpe mama yako mkononi akiwa amekaa, halafu wewe toka nje ukanunue kitu.

Shangazi yako